Kikundi cha familia zinazosomesha nyumbani, Lancaster, Pennsylvania: tathmini baada ya mwaka mzima

Kikundi ninachokizungumzia hukutana kila Alhamisi asubuhi katika ukumbi wa kanisa moja mjini Lancaster, na kina familia zipatazo 20 zinazosomesha watoto wao nyumbani. Sisi tulijiunga mwezi Septemba, siku chache baada ya kumtoa shuleni binti yetu wa miaka 8, na Juni tumemaliza naye mwaka mzima wa darasa la tatu. Ninaandika kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili, kwa sababu mji huu umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na mara kwa mara mzazi hunisimamisha dukani au baada ya ibada akitaka kujua kama kusomesha nyumbani kunaruhusiwa. Kunaruhusiwa. Katika jimbo hili, hata hivyo, kunaruhusiwa kwa karatasi, na ni katika karatasi hizo ndipo kikundi hiki kilipotufaa kuliko huduma nyingine yoyote tuliyoijaribu.

Kabla ya kukifahamu tulilipa dola 90 kwa huduma moja ya mtandaoni iliyotuahidi kila kitu ambacho mzazi anahitaji kisheria. Tulichopata ni kalenda, vyeti vya kupamba ukutani na barua ya taarifa ya ukurasa mmoja. Tuliijaza barua, tukaipeleka ofisi ya wilaya ya shule na kumbakiza mtoto nyumbani tukiamini kwamba tumemaliza. Siku ya nne tulipigiwa simu na kuambiwa kwamba barua ile haina uzito wowote. Huenda ingetosha mahali pengine: Texas haimtaki mzazi atoe taarifa kabla ya kuanza, na Ohio tangu Oktoba 2023 inaridhika na taarifa fupi. Pennsylvania inafuata sheria yake ya mwaka 1988, ambayo inadai hati ya kiapo. Wakati sisi tunasubiri, jina la binti yetu lilikuwa bado katika orodha ya shule na kila siku aliyokosa ilihesabiwa. Mtoto akikosa siku 3 bila ruhusa sheria humwita mtoro, akifikisha siku 6 huwa mtoro wa mazoea, na hapo mzazi anaweza kuitwa mbele ya hakimu. Sisi tulikuwa tumeshafika siku ya nne.

Alhamisi hiyohiyo niliingia katika ukumbi ule kwa mara ya kwanza. Alinipokea mama mmoja kutoka Kakamega ambaye amesomesha watoto wanne nyumbani. Alisoma barua yetu hadi mwisho, akaikunja, akasema, “Dada yangu, hii weka kando. Mrudishe mtoto shuleni kesho asubuhi, halafu tukae tuandike hati yenyewe.” Tuliiandika palepale, kwenye meza ndefu yenye makombo ya biskuti za watoto, kwa muda wa saa mbili. Hati hiyo hutaja jina la msimamizi wa masomo, majina na umri wa watoto, anwani na simu. Huambatana na muhtasari wa malengo ya kila somo pamoja na ushahidi wa chanjo na huduma za afya ambazo sheria inazitaka. Na mzazi huapa kwamba yeye na watu wazima wote wanaoishi katika nyumba hiyo hawajatiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai katika miaka 5 iliyopita. Nilikuwa nimeandika malengo ya kurasa sita. Mama yule aliyapunguza yakawa kurasa mbili, akinieleza kwamba wilaya haina mamlaka ya kuyatumia malengo hayo kuamua kama umefuata sheria, kwa hiyo hakuna sababu ya kujifunga kwa ahadi nyingi. Siku iliyofuata notari, afisa anayethibitisha hati za kiapo, alitugongea muhuri, nikaipeleka hati kwa mkono na kuomba nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo ninayo mpaka leo katika bahasha ya pasipoti zetu.

Kuna mambo mawili ambayo mzazi Mswahili ayajue mapema. La kwanza ni kwamba sheria inataka masomo yanayotajwa ndani yake yafundishwe kwa Kiingereza. Hilo liliniumiza nilipolisikia, kwa kuwa sababu yetu kubwa ya kumtoa binti shuleni ilikuwa lugha. Alikuwa ameanza kumjibu bibi yake kwenye simu kwa maneno ambayo bibi hayaelewi. Kikundi kilinionyesha kwamba sheria haimkatazi mzazi kuongeza masomo yake, kwa hiyo asubuhi tunafuata Kiingereza, na baada ya chakula cha mchana tunasoma na kuandika Kiswahili kila siku. La pili ni kwamba msimamizi sharti awe na diploma ya sekondari au kilicho sawa nayo. Mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha sita. Akina mama wengi waliosoma kambini hawana karatasi yoyote mkononi, na ningependa wasikate tamaa kwa sababu hiyo: msimamizi anaweza kuwa baba, ikiwa yeye ndiye mwenye cheti na ndiye atakayewajibika kwa masomo, na mtu mzima aliyefaulu mtihani wa GED, unaolingana na kumaliza sekondari, anaweza kupewa diploma ya sekondari na jimbo lenyewe.

Baada ya hati kupokelewa, kazi ya mwaka ni siku 180 za masomo, au saa 900 kwa mtoto wa msingi na 990 kwa wa sekondari. Mzazi hutunza jalada lenye daftari linaloandikwa kadiri masomo yanavyoendelea, majina ya vitabu vilivyotumika na sampuli za kazi za mtoto. Hapa kikundi kina utaratibu ambao ninausifu kwa dhati: kila mwisho wa mwezi wazazi hufungua majalada yao mezani na kukaguana. Mwezi wa Oktoba mama mwenzangu alipekua la kwetu, akauliza, “Moto uko wapi?” Sikumwelewa. Akanionyesha kwamba sheria inataja kwa jina mafunzo ya kila mara kuhusu hatari za moto na jinsi ya kuuzuia, na sisi hatukuwa na hata ukurasa mmoja. Jumamosi hiyo binti yetu alichora ramani ya nyumba, akaweka mishale myekundu ya njia za kutokea na alama ya duara mahali pa kukutania chini ya mti wa jirani. Huo sasa ni ukurasa ninaoupenda sana katika jalada zima, pamoja na ule wenye doa la mafuta ambapo aliandika hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa kupima unga wa ugali kwa vikombe.

Darasa la tatu, la tano na la nane huwa na mtihani wa kusoma na hesabu ambao mzazi haruhusiwi kuusimamia. Kikundi huuandaa kwa pamoja ukumbini, kwa malipo kidogo. Anayetaka anaweza kumpeleka mtoto kufanya mtihani wa jimbo katika shule ya umma.

Kisha huja mtathmini. Huyu huwa mwalimu mwenye sifa zinazotajwa katika sheria au mwanasaikolojia mwenye leseni, na hawezi kuwa msimamizi wa mtoto wala mwenzi wake. Kikundi kilitupatia orodha ya watu watatu, tukamchagua mwalimu mstaafu aliyekuja nyumbani mwezi Mei. Alipitia jalada bila haraka, akamwomba binti asome, kisha akamuuliza juu ya ramani ya Ziwa Tanganyika aliyokuwa ameichora. Mtoto alimwambia kwamba ziwa lina urefu wa takriban kilomita 670, na kwamba ukiwa Kigoma milima unayoiona ng’ambo ni ya Kongo. Mwalimu aliandika cheti chake kwa mistari michache, nacho kinatakiwa kufika wilayani kabla ya Juni 30 kuisha. Tangu mwaka 2014 sheria haimtaki mzazi apeleke jalada lenyewe wilayani; cheti kinatosha. Jambo hilo niliambiwa na kikundi. Ile huduma ya dola 90 haikulitaja popote.

Wapo watakaokushauri ujiunge na shule ya mtandaoni ya umma na kuiita kusomesha nyumbani. Hiyo ni shule ya umma yenye walimu na ratiba yake, na mtoto aliyeandikishwa huko hayumo chini ya sheria ninayoieleza hapa. Ukisomesha mwenyewe unaweza kuiomba wilaya ikuazime vitabu vya kiada vinavyolingana na umri na darasa la mtoto, na wilaya inawajibika kukuazima. Sisi tulipata vya hesabu na sayansi. Vingine tuliazima maktaba ya mji.

Kasoro za kikundi zipo, na moja ni nzito. Fomu ya kujiunga ina tamko la imani ya Kikristo la kutia sahihi. Familia moja ya Kiislamu kutoka Mombasa ilihudhuria mara mbili, ikaisoma fomu hiyo, ikaaga kwa heshima na haikurudi. Niliwaambia viongozi kwamba tumempoteza jirani aliyehitaji msaada uleule nilioupata mimi, na nitawaambia tena. Saa za mikutano nazo zinawafungia nje wazazi wa zamu za mchana ghalani na viwandani, na maelezo yote hutolewa kwa Kiingereza. Bila yule mama wa Kakamega sijui ningeshika kiasi gani. Ada ni dola 60 kwa familia kwa mwaka, nami naiona ni ya haki.

Kwa aliye mbali na Lancaster, tovuti ya Idara ya Elimu ya Pennsylvania ina maelezo ya sheria bila malipo, na HSLDA, chama cha utetezi wa kisheria kilichoanzishwa mwaka 1983, huchapisha muhtasari wa masharti ya kila jimbo. Vyote ni vya kuaminika, ila ni Kiingereza kigumu, na havitakuuliza moto uko wapi.

Kwa familia zinazoendelea, hati mpya inatakiwa wilayani kila mwaka ifikapo Agosti 1. Alhamisi mbili za mwisho za Julai nitakuwa ukumbini kuanzia saa tatu asubuhi kuwasaidia wanaoandika ya kwanza, kwa Kiswahili, na hakuna atakayeombwa kutia sahihi tamko lolote ili akae kwenye meza yangu. Njoo na kadi ya chanjo ya mtoto na cheti chako cha shule, hata kama kimechakaa.