Ikaridini ya asilimia 20 milimani na msituni: uzoefu wangu

Siku hizi nikienda kupanda mlima au kutembea msituni napaka ikaridini ya asilimia 20, dawa ya ngozi ya kufukuza mbu na wadudu wengine, na sioni sababu ya kuiacha. Zamani nilikuwa mtu wa DEET, dawa nyingine ya kupaka ya kufukuza wadudu. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Jeshi la Marekani liliibuni mwaka 1946 na hadi leo dawa nyingine hupimwa kwayo. Shida yake ni plastiki. Shika kishikio cha fimbo ya kutembelea mkono ukiwa bado na dawa, kitaanza kunata. Gusa miwani ya jua, alama ya kidole inabaki hapo hapo na haifutiki.

Ikaridini haili plastiki, haina harufu kali, na ikishakauka ngozi hainati. Kwangu hilo lina uzito mkubwa, maana dawa inayokera mtu huipaka kiduchu tena kwa kuchelewa, na mbu hahitaji zaidi ya sehemu ndogo iliyosahaulika nyuma ya sikio au kwenye kifundo cha mguu.

Kwa mbu na usubi inanitosha asubuhi nzima ya mwendo wa kawaida. Kwenye mteremko mkali jasho huiondoa mapema, kwa hiyo tukipumzika napaka tena bila kungoja niumwe. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, dawa hufuata. Zile chupa zenye vyote viwili sizipendi: mafuta ya jua hutakiwa kurudiwa mara nyingi zaidi, na utajikuta umejipaka dawa kupita kiasi.

Kupe ni habari nyingine. Wao hungoja kwenye ncha za majani, wakakudaka suruali na kupanda juu. Hapo nategemea suruali na soksi zilizotiwa permethrini ya asilimia 0.5, dawa ya kuua wadudu, na kazi yake nimeiona kwa macho: kupe alishika shingo ya soksi, akawa anainua mguu mmoja mmoja kama aliyekanyaga makaa, mwisho akadondoka. Permethrini ni ya nguo tu, haipakwi mwilini. Nguo ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, paka wa nyumbani asiisogelee ikiwa mbichi kwani ni sumu kwake, na mabaki yasimwagwe mtoni, yanaua samaki. Pamoja na hayo yote, jioni bado najikagua makwapani, kinenani na nyuma ya magoti.

Mbung'o hawa ndio wanaonishinda. Dawa ya kupaka hawaijali sana, na wanachoma kupitia kitambaa chepesi. Navaa kitambaa kizito cha rangi ya kaki. Bluu na nyeusi zinawaita.

Ikaridini nitakayonunua tena ni ya losheni. Ile ya kupulizia upepo huchukua nusu yake kabla haijafika kwenye ngozi, na usoni haipulizwi moja kwa moja hata hivyo: unaitia kiganjani kwanza, ndipo unapaka ukiepuka macho na mdomo.