Seti ya maji ya 360 isiyo na jina: cha kubakiza na cha kutupa

Katoni yake haikosi kutambulika: rejeta ya feni tatu za milimita 120 (ndiyo ile 360 ya jina; ni mifereji na mapezi ya metali ambamo hewa ya feni inapoza maji), pampu ndogo ya volti 12, tangi la plastiki angavu, bloku ya prosesa (kipande kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji), mita mbili za mpira wa maji, fitingi sita (viungo vya kufungia mpira) na feni zenye taa za rangi. Hakuna jina la kiwanda juu yake, picha ya joka tu. Hapa Lubumbashi ndiyo seti anayoonyeshwa kwanza mtu anayetaka kupoza kompyuta ya nyumbani kwa maji, kwa sababu kila kitu kimo ndani na mara nyingi bei yote haifiki ile ya pampu na tangi vya kampuni inayojulikana. Tumeipima kipande kwa kipande.

Tuanze na rejeta, maana hapo ndipo seti inapoanguka. Rejeta ni ya alumini, bloku ni ya shaba. Metali hizo mbili zikiguswa na maji yale yale yanayozunguka, umetengeneza betri: shaba iko volti 0.34 juu ya sifuri, alumini iko 1.66 chini ya sifuri, na katika ndoa hiyo anayeliwa ni alumini. Baada ya miezi kadhaa unaona ute wa kijivu ndani ya tangi. Ute huo unakwenda kukwama ndani ya bloku, kwenye mifereji ambayo upana wake haufiki milimita moja. Joto la prosesa linapanda pole pole, digrii mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao, na mwenye kompyuta anafikiri pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bloku, imekauka. Dawa ya kuzuia kutu inachelewesha jambo hilo tu, haiizuii alumini kuliwa.

Usiamini neno la muuzaji, hata akikuapia kwamba "papa, ni shaba ile". Chungulia ndani ya tundu la fitingi: meno ya njano au mekundu ni shaba, meno meupe yanayong'aa ni alumini. Kisha inua. Rejeta ya 360 ya shaba inafika kilo moja na zaidi hata ikiwa nyembamba. Ya alumini utaishika kama sanduku tupu. Katika mji ambao mtoto wa mtaa wa Katuba anatofautisha shaba na alumini kwa kushika tu mkononi, kabla ya kupeleka chakavu kwenye mzani, kuuziwa alumini kwa jina la shaba ni aibu kidogo. Na ndiyo, inachekesha kwamba shaba inatoka kwetu kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa halafu tunailipia tena ikirudi imeitwa rejeta.

Ya kuagiza badala yake: Alphacool NexXxoS ST30 ya 360, ambayo ni shaba mpaka kwenye mapezi, au nyingine yoyote inayoandikwa wazi kwamba mifereji na mapezi si alumini. Ukikuta imeandikwa "metali" peke yake, pita.

Ukubwa wake uhesabu kwa hewa ya hapa. Wajenzi wengi wanatumia kanuni ya wati 100 kwa kila feni ya milimita 120, feni zikizunguka kwa utulivu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 11. Feni inasukuma ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa unaopita ni mdogo, na uzito ndio unaobeba joto. Weka wati 90 kwa feni. Rejeta ya 360 basi ni wati 270. Kwa prosesa peke yake inatosha, lakini soma vizuri karatasi ya prosesa: Core i7-13700K ya Intel imeandikwa wati 125, na Intel yenyewe inairuhusu kufika 253. Ukiongeza kadi ya video ya wati 220, hiyo 360 moja itakuwa inapiga kelele mchana kutwa. Hapo unahitaji 360 na 240 pamoja.

Pia maji hayashuki chini ya joto la chumba, hata ununue rejeta ya lori. Mwezi wa kumi, ndani ya nyumba ya mabati isiyo na dari, chumba kikiwa na digrii 32, maji ya digrii 42 au 44 ni kawaida wala hayaharibu kitu. Kuanzia 50 simamisha mchezo utafute sababu. Pampu nyingi hazitakiwi kupita 60.

Halafu vumbi. Rejeta ya seti ina mapezi yaliyobanana sana, na kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano, kinayajaza vumbi jekundu katika wiki chache. Mapezi kama 15 kwa kila inchi yanafaa hapa kuliko 20 na zaidi, kwa sababu hewa inapita na burashi inafika. Mbele ya feni vuta soksi nyembamba ya nailoni ya akina mama, uikaze kwenye fremu. Ni chujio la bei ndogo, na unaliosha kila Jumamosi.

Kabla ya kuagiza chochote, kata katoni yenye urefu wa milimita 400, upana 125 na unene 55, uiingize ndani ya kasha la kompyuta mahali rejeta itakapokaa. Rejeta nyembamba ni milimita 30, feni ni 25, na vichwa vya rejeta vinaongeza urefu kupita ile 360 ya jina. Katoni ikigonga vipande vya kumbukumbu (RAM) au nyaya za juu ya bodi kuu, bora uijue leo kuliko siku mzigo utakapofika.

Pampu ya seti imeandikwa lita 600 kwa saa. Namba hiyo imepimwa bila bloku wala rejeta mbele yake. Ndani ya mfumo kamili usitegemee hata nusu. Lakini hilo si kosa kubwa. Chukua wati 300 na maji yanayokwenda lita 100 tu kwa saa: tofauti kati ya maji yanayoingia kwenye vitu vya moto na yanayotoka ni digrii 2.6. Kwa hiyo lita 100 zinatosha, na wale wanaogombana kama maji yaanzie kwenye prosesa au kwenye kadi wanagombania digrii mbili. Fuata njia yenye mpira mfupi. Udhaifu wa pampu hii ni mwingine: haipunguzwi kasi, inavuma usiku, na ukuta wa tangi lake ni mwembamba, kwa hiyo fitingi ikikazwa na mtu mwenye nguvu linapasuka kwenye meno.

Pampu ya D5 ndiyo tunayoipendekeza, ikiwa imeungana na tangi lake. Ilitoka kwa Laing ya Ujerumani, leo iko chini ya Xylem, na viwanda vingi vinaiuza kwa sura tofauti. Inalainishwa na maji yenyewe, kwa hiyo kuiwasha kavu, hata kwa kujaribu tu, ni kuiua. Jambo la pili ambalo wengi wanalikosea: D5 ikiwa kasi ya juu inakula karibu wati 23, yaani karibu ampea 2, na plagi ya kawaida ya feni kwenye bodi kuu inabeba ampea 1. Umeme wake utoke moja kwa moja kwenye boksi la umeme. Waya wa kuamuru kasi peke yake ndio uende kwenye bodi. Kwenye ondulere yako (betri ya akiba ya umeme) ongeza wati 30 au 35 za pampu na feni. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, pampu na prosesa vinazimika pamoja, hakuna kinachoungua.

Mpira wa seti ni PVC angavu. Unapendeza wiki ya kwanza, kisha unakuwa na ukungu, na ile dawa inayoulainisha inatoka pole pole na kujiunga na ule ute ndani ya bloku. Chukua mpira mweusi wa aina ya EPDM wa 10/16, yaani milimita 10 ndani na 16 nje. Fitingi zake ziwe za 10/16 pia. Za 10/13 zinafanana kwa macho na hazitafunga. Meno yote ni ya kipimo cha G1/4. Kwa prosesa peke yake unahitaji sita, kwa prosesa na kadi, zenye rejeta mbili, kumi, na ongeza mbili za akiba kwa sababu oringi moja (pete ya mpira ya kuzuia maji) ikipotea huku, kuisubiri mpya ni wiki. Mpira, mita tatu. Mabomba magumu yaache kwa mfumo wa pili.

Bloku ya prosesa ndiyo kitu kizuri ndani ya katoni. Chini ni shaba nzuri, mifereji imekatwa sawa, na inapoza vizuri. Angalia miguu yake tu: bodi za LGA1700, soketi ya prosesa za Intel, zina matundu yanayoachana milimita 78, zile za kabla yake 75, na seti nyingi bado zinakuja na miguu ya zamani. Ukilazimisha, bloku inakaa upande. Kifuniko ni akriliki: usikifute kwa alkoholi wala spiriti, kinajaa nyufa ndogo. Na tundu la kuingilia ni lile linalomwaga maji katikati ya mifereji. Ukigeuza, mfumo utafanya kazi lakini kwa digrii kadhaa zaidi.

Jambo dogo linaloua rejeta mpya: skrubu. Feni ya milimita 25 inataka M3 ya milimita 30. Kwenye kifuko mara nyingine zimechanganywa na za 35, na hizo milimita tano za ziada zinatoboa mfereji. Zipange mezani, uzilinganishe moja moja.

Maji. Ya bombani, ya REGIDESO, ni ya kunywa na kuoga. Madini yake yanaganda kwenye shaba. Kwenye gereji wanauza maji ya betri, yaani maji yaliyochujwa kwa mvuke, na ndiyo yanayotakiwa. Lakini soma chupa mara mbili, kwa sababu karibu nayo wanauza asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana. Nunua lita tano: mfumo mdogo unameza kama lita moja, zinazobaki ni za kusuuzia. Kwa dawa ya kuzuia kutu na uoto, agiza ile nzito ya mililita 100 inayochanganywa kufanya lita moja. Ni nyepesi kusafirisha kuliko maji ya rangi yaliyokwisha kuchanganywa. Rangi zenye kung'aa kama maziwa zina chembe zinazotulia chini, usizitie kwenye mfumo wa kwanza.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya siku nzima. Rejeta mpya ina mabaki ya kuchomelea ndani: tia maji ya moto, tikisa dakika moja, mwaga kwenye ndoo nyeupe, rudia mpaka maji yawe safi, mara tatu au tano, na mara ya mwisho iwe ya maji ya betri. Kata mpira kwa wembe mpya, mkato ulionyooka. Vesha pete ya fitingi kwenye mpira kabla ya kuusukuma, jambo ambalo kila mtu analisahau angalau mara moja. Kaza kwa mkono tu, koleo likae kwenye sanduku. Tangi liwe juu ya pampu, na kwenye sehemu ya chini kabisa tia fitingi ya njia tatu yenye koki ya kumwagia.

Kujaza: usiwashe kompyuta. Chomoa boksi la umeme kwenye bodi kuu, na kwenye plagi yake ya matundu 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wa jirani yake kwa kipande cha waya. Pampu peke yake ndiyo iwe imechomekwa. Jaza tangi, washa sekunde tano, zima kabla halijaisha, jaza tena. Maji yakianza kuzunguka bila kukatika, laza kasha kushoto na kulia ili hewa itoke kwenye rejeta. Tandika karatasi nyeupe chini ya kila kiungo na uache pampu ikizunguka saa 24. SNEL ikikata katikati, zile saa zisizo na umeme usizihesabu.

Alama: seti nzima jinsi ilivyo, 3 kwa 10. Ukitupa rejeta na mpira, ukabakiza bloku, pampu, tangi na feni, 6, na kwa prosesa peke yake inatosha. Ukinunua vipande vya kuchagua, weka akilini dola 60 hadi 100 kwa rejeta ya shaba, 100 hadi 180 kwa D5 na tangi, 5 hadi 10 kwa kila fitingi, kabla ya usafiri. Kama prosesa yako haizidi wati 105 na kadi huigusi, Noctua NH-D15, kipozeo cha hewa cha feni mbili, inafanya kazi ile ile bila tone la maji. Pima kwanza kama kasha lako lina milimita 165 za kimo.

Bloku ya kadi ya video iagize mwisho, ukiwa umefungua kadi na kusoma namba iliyochapwa kwenye ubao wake. Kadi mbili zenye jina moja dukani zinaweza kuwa na ubao tofauti, na bloku ya moja haikai juu ya nyingine.