Rejista ya fedha za vyama ya Uingereza: inataja waliotoa, kodi haiitaji

Anayetaka kujua vyama vya siasa vya Uingereza vinaendeshwa kwa fedha za nani hana haja ya kuomba kibali, kulipa ada wala kumfahamu mtu ndani ya chama. Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Siasa, Uchaguzi na Kura za Maoni ya mwaka 2000, ina rejista ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu, yenye michango iliyoripotiwa tangu mwaka 2001, mikopo ambayo vyama vimekopa, gharama za kampeni na hesabu za kila mwaka. Tathmini hii inaiangalia rejista hiyo kama huduma, na inaiangalia kwa jicho la msomaji mwenye maswali mawili: nani ametoa fedha, na fedha hizo zilipita wapi katika mfumo wa kodi. Swali la kwanza linajibiwa vizuri kuliko katika nchi nyingi. La pili halijibiwi karibu popote, na kosa si la waliounda tovuti bali ni la sheria, ambayo iliweka michango mikononi mwa taasisi moja na kodi mikononi mwa nyingine.

Nianze na kinachofanya kazi. Dirisha la kutafutia linakubali jina la chama, jina la mchangiaji au kipindi cha tarehe, na majibu yote yanaweza kupakuliwa kama jedwali la kufanyia hesabu. Faili hilo la kupakua ndilo huduma yenyewe. Kurasa zinazoonekana kwenye skrini ni utangulizi tu. Kila mstari una thamani ya mchango, tarehe uliyopokelewa, tarehe uliyokubaliwa na tarehe ulioripotiwa, aina ya mchangiaji (mtu binafsi, kampuni, chama cha wafanyakazi, jumuiya isiyosajiliwa kama kampuni, na kadhalika), namba ya usajili pale mchangiaji anapokuwa kampuni, na alama inayoonyesha kama mchango umetokana na wosia. Tofauti kati ya tarehe ya kupokea na ya kukubali inaweza kuonekana kuwa jambo la makarani, lakini ina uzito: chama kina siku 30 za kuhakiki kama mtoaji anaruhusiwa kisheria, na kama haruhusiwi, fedha zirudi.

Mtego wa kwanza unamngoja anayejumlisha safu ya thamani bila kuchuja. Rejista inaorodhesha fedha za umma pamoja na michango ya watu, hivyo ofisi ya fedha ya Bunge inaonekana kama mchangiaji mkubwa wa vyama vya upinzani, kwa sababu ya ruzuku ya kibunge iliyoanza mwaka 1975. Tume yenyewe nayo imo katika orodha ya watoaji, kwa kuwa ndiyo inayogawa ruzuku ya kutunga sera, ambayo jumla yake ni pauni milioni 2 kwa mwaka. Asiyeondoa mistari hiyo ataandika kwamba chama fulani cha upinzani kimefurika wafadhili, kumbe sehemu kubwa ya anachokihesabu ni fedha za walipakodi.

Mtego wa pili ni viwango vya kuripoti, ambavyo vimebadilika mara mbili. Awali mchango kwa makao makuu ya chama uliripotiwa ukizidi pauni 5,000. Mwaka 2010 kiwango kikawa 7,500, na kuanzia Januari 2024 kikawa 11,180. Kwa matawi yenye hesabu zake, safari imekuwa 1,000, kisha 1,500, kisha 2,230. Kwa hiyo anayechora mstari wa idadi ya wachangiaji tangu mwaka 2001 hadi leo anapima vitu vitatu tofauti kwa rula moja. Tovuti haimwonyi mtumiaji pale anapovuka mpaka wa miaka hiyo, ingawa onyo la sentensi moja juu ya jedwali lingetosha. Chini ya pauni 500 sheria haihesabu kuwa ni mchango kabisa, kwa hiyo sarafu ndogondogo za wanachama wa kawaida hazimo. Hizo hutafutwa katika hesabu za mwaka.

Udhaifu mwingine uko katika jumuiya zisizosajiliwa kama kampuni. Mstari utasema jumuiya fulani imetoa kiasi fulani, na hapo mnyororo unakatika, isipokuwa jumuiya hiyo iwe imetoa kiasi kikubwa cha kuilazimisha nayo kuripoti walioipa fedha. Kampuni ni afadhali kidogo, kwani namba ya usajili inampeleka msomaji moja kwa moja kwenye rejista ya makampuni, ambako wakurugenzi na wamiliki wanaonekana. Lakini hata hapo sheria haiulizi kama kampuni iliyotoa mchango imepata faida Uingereza inayoweza kubeba mchango huo. Inatosha iwe imesajiliwa na inafanya biashara nchini.

Sasa kodi, ambako mambo ni mazito zaidi. Chukua mfano ambao ulifika mahakamani na uko wazi kwa umma. Kati ya Oktoba 2014 na Machi 2015 mfanyabiashara Arron Banks alikichangia UKIP, chama kilichopigania Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, pauni 976,781. Katika rejista, habari inaishia hapo: jina, kiasi, tarehe. Mamlaka ya mapato, kwa upande wake, ilimdai kodi ya mirathi ya pauni 162,945 juu ya michango hiyo hiyo, akiwa hai na mwenye afya yake. Msomaji atashangaa kodi ya mirathi inamdaije mtu ambaye hajafa. Jibu ni kwamba chini ya sheria ya mwaka 1984 zawadi kwa mtu binafsi husubiri kuona kama mtoaji atafariki ndani ya miaka saba, ilhali zawadi kwa chombo kama chama cha siasa inaweza kutozwa papo hapo, kwa nusu ya kiwango cha kawaida cha 40%, kwa sehemu inayozidi pauni 325,000. Na kwa kuwa aliyetoa ndiye anayelipa kodi, kodi yenyewe inahesabiwa kuwa sehemu ya kilichopungua katika mali yake, kwa hiyo 20% inageuka kuwa robo ya kinachozidi. Toa 325,000 katika 976,781, gawanya kwa nne, na utapata kiasi alichodaiwa.

Vyama vya siasa vina msamaha wa kodi hiyo, lakini si vyote. Chama kinastahili kama katika uchaguzi mkuu uliotangulia mchango kilipata wabunge wawili, au mbunge mmoja pamoja na kura zisizopungua 150,000 nchi nzima. Katika uchaguzi wa 2010 UKIP ilipata kura zaidi ya 900,000 na haikupata mbunge hata mmoja. Mwaka 2014 ilishinda viti viwili, lakini kwa chaguzi ndogo, na chaguzi ndogo hazihesabiki. Mei 2015 ilipata mbunge mmoja na kura karibu milioni 4, ikastahili. Maana yake ni kwamba fedha zile zile, kutoka mfuko ule ule kwenda chama kile kile, zilikuwa na deni la kodi mwezi Machi na zisingekuwa nalo mwezi Juni. Banks alipinga dai hilo katika ngazi tatu na kushindwa zote, Mahakama ya Rufaa ikifunga shauri mwaka 2021.

Hakuna safu katika rejista inayosema kama chama kilichopokea kilikuwa na msamaha siku ile. Taarifa zinazohitajika ni matokeo ya uchaguzi mkuu tu, ambayo ni ya wazi, na Tume inayajua kuliko mtu yeyote. Ni kweli kwamba msamaha si jambo pekee linaloamua kodi: mchango unaotoka katika mapato ya kawaida ya mtu, bila kugusa mali yake wala kumpunguzia hali ya maisha, una msamaha mwingine, na hilo haliwezi kuonekana kwa nje. Lakini alama ya ndiyo au hapana kuhusu hadhi ya chama ingemwezesha msomaji kuona jinsi sheria inavyowapendelea wakubwa dhidi ya vyama vichanga. Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika mistari ya wosia. Mtu aliyekwisha kutumia kiwango chake kisichotozwa, akikiachia chama chenye wabunge pauni milioni moja, fedha hizo hazidaiwi kodi yoyote. Akikiachia chama kisicho na mbunge, kiwango ni 40%, yaani kodi ya pauni 400,000 itoke mahali fulani katika mirathi. Rejista inaweka wosia wote miwili kwenye mistari inayofanana kabisa.

Hesabu za mwaka zinasaidia kiasi. Chama ambacho mapato au matumizi yake yanazidi pauni 250,000 kinatakiwa kuwasilisha hesabu zilizokaguliwa kufikia tarehe 7 Julai. Vidogo vinawasilisha kufikia 30 Aprili bila ukaguzi huo. Tume inazichapisha kama nyaraka za kusomwa, si kama majedwali, kwa hiyo anayelinganisha vyama vitano kwa miaka kumi atanakili namba kwa mkono. Ushauri wangu ni kuruka dibaji ya mweka hazina, ambayo kwa kawaida ni siasa, na kwenda kwenye maelezo ya sera za kihesabu. Huko ndiko chama kinakoeleza kinavyoichukulia kodi ya mapato ya uwekezaji wake na kodi ya ongezeko la thamani ambayo hakiwezi kuidai irudi.

Maelezo hayo yanahitaji msomaji mwenye subira, kwa sababu hata swali la chama ni kitu gani mbele ya kodi limewahi kuwasumbua majaji. Katika kesi ya ofisi kuu ya chama cha Conservative dhidi ya Burrell, iliyoripotiwa mwaka 1982, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba chama hicho, kama kilivyokuwa wakati huo, hakikuwa hata jumuiya kwa maana ya sheria, kwa sababu hapakuwa na mkataba uliowafunga wanachama wote pamoja. Hivyo mapato ya uwekezaji ya ofisi kuu hayakupaswa kutozwa kodi ya kampuni bali kodi ya mapato. Chama kilichokwisha kutawala nchi mara nyingi kilishinda kesi kwa kuthibitisha kwamba kisheria hakipo kwa namna ambayo watu walidhani kipo. Vyama ambavyo ni jumuiya, kwa upande wao, hulipa kodi ya kampuni kwa riba na faida ya mali, lakini si kwa michango.

Mahali pekee ambapo kodi inaonekana kwa macho ndani ya rejista ni kwenye gharama za kampeni, na hapa huduma inastahili sifa. Vyama vinatakiwa kuambatisha ankara za gharama zinazozidi pauni 200, na ankara hizo zinachapishwa. Fungua ya mchapishaji wa vipeperushi na utakuta kodi ya ongezeko la thamani ni sifuri, kwa kuwa kipeperushi cha karatasi kina kiwango hicho. Fungua ya matangazo ya mtandaoni na utakuta 20%. Mashirika ya hisani yana nafuu kwa matangazo, vyama vya siasa havina. Gharama zinaripotiwa pamoja na kodi hiyo, hata pale ambapo chama kinaweza kuidai irudi, na ndizo zinazopimwa dhidi ya ukomo wa matumizi. Kwa hiyo pauni 100,000 za vipeperushi zinakula 100,000 ya ukomo, wakati kazi ya thamani hiyo hiyo mtandaoni inakula 120,000. Sijaona chama kikilalamikia hilo hadharani, ingawa linagusa mkakati wa kila kampeni ya sasa.

Kwa mchangiaji mdogo rejista haina cha kumwonyesha, na mfumo wa kodi hauna cha kumpa. Mlipakodi akitoa pauni moja kwa shirika la hisani, shirika linadai peni 25 zaidi kutoka serikalini. Akiitoa kwa chama, hakuna nyongeza. Kamati ya Viwango katika Maisha ya Umma ilipendekeza nafuu ya kodi kwa michango midogo mwaka 1998 na tena mwaka 2011, na serikali za vyama tofauti hazikulitekeleza pendekezo hilo.

Kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa sheria au mkaguzi anayetaka kuona uwazi wa fedha za vyama unavyoweza kujengwa, ninaipendekeza huduma hii bila kusita, mradi afungue pembeni sheria ya kodi ya mirathi na matokeo ya uchaguzi mkuu uliotangulia. Anayeshughulika na Ireland ya Kaskazini achukue tahadhari moja zaidi: majina ya wachangiaji wa vyama vya huko yanachapishwa kwa michango ya kuanzia Julai 2017 tu, na utupu unaoonekana kabla ya hapo hauna maana kwamba hakuna aliyetoa.