Kreti, tenga au kiroba: ununue nini cha kusafirishia nyanya?

Kutoka Ilula, Iringa, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400. Fuso inateremka Kitonga, inaruka matuta ya Mikumi, inakata Chalinze, na muda wote huo nyanya ya chini kabisa imezibeba zote zilizo juu yake. Ikifika Ilala au Mabibo imeshakuwa rojo. Dalali hakuulizi ilikuwaje, anakata bei tu.

Wakulima wengi hutafuta mbegu bora na dawa bora, kisha mavuno yote wanayaingiza kwenye chombo chochote kilicho karibu. Hapa chini nimepanga vyombo kuanzia ninachokipenda zaidi. Nimetazama mambo manne: kina chake, ulaini wa ndani, hewa, na kama kitarudi nyumbani. Hilo la nne ndilo linalowaponza wengi.

1. Kreti ya plastiki yenye matundu

Tafuta ya sentimita 60 kwa 40, kimo kati ya 25 na 30. Inabeba kilo 20 hadi 25 za nyanya, mzigo ambao kibarua mmoja anaushusha bila kuutupa. (Wapakiaji hawatupi mizigo kwa ubaya. Mtu akishika kilo 50 tangu alfajiri, akifika usawa wa goti ataachia.) Uzuri wake mkubwa ni kwamba kreti ya juu inakaa kwenye kingo za ile ya chini, wala haigusi nyanya. Ila ukijaza kupita kingo umeiharibu faida hiyo yote, na umenunua tenga la bei ghali.

Zipo za kupangwa tu, zipo zinazoingiana zikiwa tupu, na zipo za kukunja. Chukua zinazoingiana. Zikiwa tupu zinakula nafasi kama theluthi moja tu ya ile zinayokula zikipangwa, na nauli ya kurudisha vyombo vitupu utailipa wewe. Za kukunja zinapendeza dukani, lakini bawaba zake ndizo hufa kwanza.

Dukani pitisha kiganja ndani: pasiwe na ukingo wa kukwaruza. Matundu yawe ubavuni na chini pia. Igeuze kifudifudi, simama juu yake. Ikibonyea au ikilia, mrudishie mwenyewe. Plastiki iliyoyeyushwa na kutumika tena ovyo utaijua kwa harufu na rangi ya tope, na ukiiacha juani itapasuka kona. Muulize muuzaji kama ina kinga ya jua. Nyeusi siipendi shambani kwa sababu inavuta joto, nami natafuta kulipunguza.

Utauziwa pia kreti za mkate zilizotumika. Ni pana, fupi, zina hewa, nyanya inazipenda. Lakini zikiwa na jina la kiwanda ubavuni, jiulize zimetokaje huko.

Sasa shida yenyewe. Msimu wangu wa kwanza nilipeleka kreti 40 sokoni, zikarudi 27. Moja niliikuta baadaye imekuwa kiti cha muuza mahindi ya kuchoma, na kwa kweli alikuwa ameikalia vizuri. Mali bila daftari hupotea bila habari: tangu hapo zangu zina rangi yangu pande zote mbili, zina namba, na anayebaki nazo anaacha amana.

Piga hesabu kwa safari, usiishie kwenye bei ya dukani. Tufanye kreti ni shilingi 15,000 na inakwenda safari 60: ni shilingi 250 kwa safari. Ikipotea safari ya tatu, kila safari imekugharimu 5,000. Kwa hiyo kama unapeleka hotelini, supamaketi au kwa mteja yuleyule kila wiki, nunua kreti leo. Kama unamwachia dalali usiyemjua, soma namba mbili.

Jambo jingine: Dar nyanya huuzwa kwa tenga. Kreti yako itapewa bei ya kubahatisha usipojua ngapi zinajaza tenga la soko hilo. Jaribu mara moja, hesabu, mkubaliane kabla gari halijaondoka.

2. Tenga la mbao

Linapatikana palepale shambani, fundi anapigilia mbao za paini, na likipotea huumii sana. Kasoro zake ni kina kirefu, mbao zisizopigwa randa na misumari iliyochomoza. Mwagize fundi alifanye fupi, agonge vichwa vyote vya misumari, aache nafasi za hewa. Tandika karatasi safi ndani. Mbao hunywa maji ya nyanya zilizopasuka na ukungu hubaki humo, kwa hiyo lililonuka lipeleke jikoni likawe kuni.

3. Boksi la karatasi ngumu

Ni la safari moja. Linafaa pasheni, stroberi na parachichi kuliko nyanya za jumla. Likipata unyevu linalegea, na la chini ndilo huanza. Boksi la sabuni usilitumie, harufu haitoki.

4. Tenga la kusukwa

Ni jepesi na rahisi kupata, lakini halisimami lenyewe: ukilipandishia jingine, uzito unashukia kwenye nyanya. Fito zinachoma, na umbo la duara linapoteza nafasi garini. Majani ya kutandika nayo huja na ukungu wake.

5. Kiroba

Kwa nyanya, hapana. Vitunguu vilivyokaushwa vizuri hadi shingo zikanyauka vitie kwenye mfuko wa wavu, na usifunge lumbesa, yaani kiroba kilichojazwa kupita mdomo wake. Wakala wa Vipimo wanaikamata.

Chombo chochote ukinunua, vuna asubuhi mapema nyanya zilizoanza kugeuka rangi, ondoa vikonyo maana hutoboa jirani, weka kivulini. Kreti zikirudi zioshe kwa sabuni, kisha suuza kwa maji lita 20 yenye mililita 100 za jiki ya asilimia 3.5, uziache zikauke kabla ya kuziingiza moja ndani ya nyingine.

Na usinunue 100 kwa mkupuo. Anza na 20, mteja mmoja, safari tatu. Zikirudi 20, ongeza.