Cessna 172 ya kukodi, Nairobi hadi pwani na kurudi: sifuri kwa pipa, ndege bado naifikiria

Naanza na kilichoniudhi. Nikianza na ndege nitaisifu mpaka hasira ziniishe, na sitaki ziishe.

Kuna kiwanja kimoja cha pwani, sitakitaja, ambako ukitua na ndege ndogo na kuomba mafuta unaletewa pipa juu ya mkokoteni. Hilo peke yake si kosa. Avigesi, petroli ya ndege zenye injini za pistoni, ikiwa ya pipa ni mambo ya kawaida huku kwetu. Jet A-1, mafuta ya injini za tabaini, haikosekani kwa sababu ndege za watalii zina injini za tabaini, na sisi wa injini za pistoni tunapiga simu siku mbili kabla kuuliza kama kuna lita zilizobaki. Kosa lilikuwa kwenye pipa lenyewe. Lilikuwa limeshafunguliwa na mtu mwingine, limebaki chini ya nusu, limesimama wima nje, na juu yake maji ya mvua yametuama kama kwenye sahani.

Asiyejua ubaya wa hilo asikilize. Pipa hupumua. Mchana jua likiliwakia, hewa ya ndani inatanuka na kujipenyeza nje kando ya kizibo. Usiku likipoa linavuta. Kama kizibo kimezungukwa na maji, linavuta maji. Ndiyo maana pipa lililojaa, likikosa paa, hulazwa ubavu, vizibo vyake viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani na hewa isipate njia. Pipa lililobaki nusu ni baya zaidi, kwa kuwa nusu nyingine ni hewa ya pwani yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone kwenye chuma kila alfajiri. Matone yanashuka chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Huko chini ndiko bomba la pampu linakonyonya.

Nikamwambia yule mzee wa mafuta kwa adabu zote: "Shikamoo mzee wangu. Naomba tuliinamishe kidogo, litulie hata saa moja, halafu tukinge kidogo tuone."

"Marahaba. Kapteni, nyinyi watu wa bara mna wasiwasi. Mafuta haya wanatia wenye ndege kubwa kuliko hii yako, na hawaulizi."

Nikamwonyesha kikombe changu cha kukingia sampuli. Akakitazama, akacheka: "Hicho kikombe, nikutafutie kahawa?"

Wapagazi wawili wakacheka naye. Basi.

Kahawa! Kile kikombe ndicho kinachotenganisha kupaa na kuanguka, na huyu ndiye aliyekabidhiwa mafuta. Funeli yake ilikuwa ya plastiki. Hakuwa na ngozi ya kuchujia wala waya wa kuunganisha pipa na ndege. Petroli inayopita kwenye plastiki huzalisha umeme tuli, na plastiki haina pa kuupeleka. Cheche moja mdomoni mwa tangi inatosha. Funeli inatakiwa iwe ya chuma, iguse ukingo wa tangi muda wote, na waya ufungwe kwanza: pipa kwa pampu, pampu kwa ndege kwenye chuma kisichopakwa rangi, kama bomba la moshi. Kifuniko cha tangi kinafunguliwa baada ya hapo, si kabla. Bomba la pampu nalo lisiguse chini ya pipa, libaki juu kwa sentimita tano hivi. Hizo lita chache za chini huachwa huko. Unazilipia, unazisahau. Yeye alilisukuma bomba mpaka likagonga.

Alikuwa ametia kama lita 40 kwenye bawa la kulia nilipomwambia aache. La kushoto sikuruhusu aliguse. Nilihitaji lita 80.

Kwa nini sikuondoka na nilichokuwa nacho? Hesabu. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi sehemu ile ya pwani ni takriban maili 230 za anga. Kwa mwendo wa maili 105 kwa saa, pamoja na kupanda, ni saa mbili na dakika ishirini hivi. Injini inakunywa lita 30 hadi 32 kwa saa ukiipunguzia mafuta vizuri, yaani kama lita 75 kwa kwenda peke yake. Matangi mawili yana lita 151 zinazotumika. Kwenda na kurudi ni 150. Ukipenda kufika na lita moja, hiyo ni shauri yako. Mimi nabakiza ya saa nzima, hata kama kanuni inaniruhusu nusu saa mchana, kwa kuwa asubuhi za Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na wingu la chini mpaka saa nne au tano, na unaweza kujikuta unazunguka nje ukisubiri lipande.

Na hapa niseme ukweli kuhusu ndege, ingawa nimesema sitaki. Ni nzuri. Ni ya kabureta, ya zamani kidogo, viti vimechakaa, lakini injini inawaka kwa mara ya kwanza na magneto zake mbili, zinazotoa cheche za injini, ziko sawa. Kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, kila moja ikibaki peke yake ilishusha mizunguko chini ya 100, wakati kikomo ni 125, na tofauti kati yake haikufika 50. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, na siku ya nyuzi 25 mbawa zinahisi kama ziko karibu futi 8,000. Ukipaa na kitufe chekundu cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kimesukumwa chote ndani, kama wanavyofanya waliojifunzia pwani, injini inajisonga kwa mafuta mengi na ndege inatambaa mpaka mwisho wa lami. Hii, ukikivuta kitufe kidogo kidogo mpaka mizunguko ifike kilele, halafu ukakirudisha nywele moja, inaondoka kwa heshima.

Njiani futi 9,500, kurudi 8,500. Uwanda wa Yatta unakuongoza kama mtu aliyekuchorea mstari, na ukiupoteza kuna mto Galana, unaofika baharini kwa jina la Sabaki. Wengi hupita hapo moja kwa moja. Mimi naona heri kuikaribia barabara ya Mombasa kwa upande wa Voi, hata kama inaongeza dakika kumi, maana injini ikizimika katikati ya Tsavo Mashariki tatizo la kwanza ni pa kutua na la pili ni nani anakusubiri hapo chini. Ukianza kushuka kuelekea pwani, vuta kitufe cha joto la kabureta mapema na ukivute chote. Hewa ile ya unyevu hugandisha barafu kooni mwa kabureta hata kama wewe umeloa jasho.

Kitu kimoja kilinisumbua nilipofika, nikakipuuza. Kijiti cha kupimia kilionyesha nimetumia lita sita zaidi ya hesabu. Nikajilaumu kwamba sikuvuta mchanganyiko vya kutosha.

Turudi kwenye pipa. Usiku ule mvua ilinyesha ya pwani kwelikweli. Asubuhi, kabla ya kugusa au kutikisa chochote, nikakinga sampuli bawa la kulia. Maji. Si tone, ni kama kijiko cha chai, yametulia chini ya kikombe na mstari safi juu yake, kisha buluu ya avigesi. Nilipandwa na hasira nikaanza kuiandika tathmini hii kichwani papo hapo: sifuri, msiende, kiwanja kifungwe, mzee akauze hiyo kahawa yake.

(Tahadhari kwa mgeni: kikombe kikijaa maji matupu hutaona mstari wowote, kila kitu kitaonekana safi. Kiweke mbele ya karatasi nyeupe utafute buluu, kisha unuse. Na ukishuku Jet A-1 imechanganyika, dondoshea kwenye karatasi. Avigesi hukauka ikapotea, Jet huacha doa la mafuta.)

Kisha nikakinga bawa la kushoto. Maji pia.

La kushoto hakuligusa. Nilisimama pale na kikombe mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikapanda ngazi kuangalia vifuniko. Raba ya mviringo iliyo ndani ya kila kifuniko ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino. Nyuma ya kifuniko cha kushoto, juu ya bawa, kulikuwa na michirizi ya buluu imeelekea nyuma. Michirizi ile niliiona Wilson nikadhani ni ya mtu aliyemwaga wakati wa kujaza. Kumbe ndiyo zile lita sita. Hewa inayopita juu ya bawa ina mgandamizo mdogo, na kifuniko kisichoziba hunyonywa mafuta angani. Ndege ikilala nje, tundu hilo hilo huingiza mvua.

Kwa hiyo maji yale ni ya nani? Ya kulia yanaweza kuwa ya pipa, ya mvua, au ya vyote viwili. Ya kushoto ni ya klabu iliyonikodisha, bila ubishi. Nimempunguzia mzee kosa, nusu yake. Kwa kile kicheko simpunguzii kitu.

Kama yatakukuta: sukuma mkia chini mara kadhaa na utikise mbawa, maji yaliyojificha yatelemke hadi vali iliyo kwenye pembe ya ndani ya tangi. Subiri dakika kumi na tano. Kinga tena. Fungua na chujio la chini ya pua, watu wengi hulisahau, na ndiko sehemu ya chini kuliko zote. Rudia mpaka upate sampuli tatu safi mfululizo kila upande. Mimi nilimwaga karibu lita nne. Halafu washa na uiache injini izunguke 1,700 dakika mbili au tatu huku mafuta yakitoka matangi yote mawili. Mafuta safi yaliyobaki kwenye mabomba na kabureta hutosha kukufikisha mwanzo wa njia na kukunyanyua futi mia mbili. Maji hufika baada ya hapo. Ndiyo sababu injini nyingi zenye maji hazizimiki chini, huzimika pale ambapo huwezi tena kusimama wala kugeuka.

Lita nilizokosa nilizichukua kiwanja kingine, nikapoteza nusu siku. Mafuta yao yalikuwa ya pipa vilevile, lakini pipa lilikuwa chini ya paa, muhuri wake haujavunjwa, na kijana aliyeleta funeli ya chuma na ngozi aliniuliza yeye mwenyewe kama nataka kukinga kwanza. Nilitaka kumkumbatia. Ila hata ngozi usiiamini kupita kiasi: ikishalowana maji inaanza kuyapitisha.

Niliporudisha ndege nikawaonyesha klabu vifuniko. Jibu: "Hizo zitaangaliwa kwenye ukaguzi wa saa 100." Ukaguzi uko mbele kwa saa thelathini na kitu. Raba mbili ambazo fundi mwenye leseni anazibadilisha kabla chai haijapoa! Wanatoza kila dakika ya mita ya injini lakini hawana mtu wa kupitisha kidole kwenye kifuniko. Nikauliza nani analipia lita nne nilizomwaga na sita zilizonyonywa angani. Wakaniambia bei ya kukodi ni pamoja na mafuta "yaliyotumika". Nikauliza, yaliyopeperuka juu ya Tsavo yametumiwa na nani? Dada wa mapokezi akasema atamuuliza meneja. Meneja hajajibu mpaka leo.

Nilikuja kuandika sifuri kwa pwani na nyota nne kwa klabu. Sasa pwani naipa moja, kwa sababu angalau pipa lile nililiona kwa macho likiwa limejaa maji juu. Klabu walinikabidhi ndege ikiwa imeoshwa na kung'aa. Ndege yenyewe naipa nyota zake nne, haina hatia. Nimeshaiwekea nafasi tena, kabla ya mvua zijazo. Nitaenda na waya wangu, funeli yangu, ngozi yangu, na kikombe. Na kabla ya kutia sahihi ya kuipokea nitapanda ngazi. Nikikuta raba ni zile zile, funguo zao nitaziacha pale pale mezani.