TAHADHARI: Muuza saa za kupima presha ni tapeli, msimpe hata mia

Jamani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule kaka wa saa za presha wa Kariakoo, anayejirekodi video kavaa koti jeupe utadhani daktari, ni TAPELI.

Mama ana presha ya kupanda, na foleni za Mbagala mnazijua. Ndiyo maana nikataka kifaa cha nyumbani. Kaka akaleta mzigo mwenyewe hadi sebuleni. Akapiga goti, "Shikamoo mama," akamfunga saa mkononi. Mama ndiyo kwanza ametoka kufua, anahema. Saa ikalia tii: 121 kwa 78. Akajifunga na yeye: 118 kwa 76. "Unaona mama, presha yako ya kisichana!" Mama akacheka, na tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka vile. Akatoa cheti chenye mhuri, akaandika risiti, akaahidi warranti ya mwaka. Mtu anayekuachia risiti na namba ya simu utamtilia shaka gani? Nikalipa 85,000.

Basi kila asubuhi 120, 119, 122. Mama akajiona kapona, akaanza kuruka vidonge kimyakimya. Juzi kichwa kikamgonga, macho yakaingia ukungu, tukakimbilia zahanati. Nesi akamkalisha dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Akapima, akarudia: 186 kwa 108! Na ile saa iko mkono wa pili inasema 120. Usiku nikaifunga kwenye chupa ya maji. Chupa nayo ina presha, 117 kwa 75!

Nikipiga simu, kanibloku.

Huyu si kibaka wa simu, huyu anaua wazazi wa watu. Mama angepooza ningemdai nani? Akamatwe, afungwe, TMDA, wale wadhibiti wa dawa na vifaa tiba, wapite wayakusanye yale masaa yake yote wayachome hadharani!

Muiangalie hiyo saa: haina mkanda wa kujaa hewa, haibani mkono, namba hazibadiliki hata ukikimbia, boksi halina jina la kiwanda. Nesi kasema tununue ya kufunga juu ya kiwiko, mkanda uenee mkono maana ukiwa mdogo unapandisha namba, halafu tuipeleke kliniki ilinganishwe na ya kwao.

Nasikia kabadilisha jina la ukurasa. Anayejua anapouzia sasa aniambie leo hii, RB ya polisi ninayo tayari.