Mbegu ya pamba ya Bt ukanda wa Ziwa: imara kwenye majani, legevu kwenye maua

Pamba ya Bt imepandikizwa jeni za bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, ili mmea wenyewe utengeneze sumu ya kuua funza. Kenya iliidhinisha kilimo chake Desemba 2019, na leo inapandwa hadi kaunti za ziwani kama Busia na Homa Bay. Mkulima wa Misungwi, Magu au Kwimba, upande wa Tanzania, asivushe mbegu hii mpakani: Tanzania haijaiidhinisha, kwa hiyo kwake mbegu ni ile iliyothibitishwa, kama UKM08 ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru.

Kwa funza wa vitumba (matunda ya pamba), mbegu ya Bt ni nzuri. Ina protini mbili za sumu, Cry1Ac na Cry2Ab. Funza mchanga akizila, utumbo hutoboka, anaacha kula, na baada ya siku chache anakufa. Lazima ale kwanza, kwa hiyo mikwaruzo midogo kwenye jani si dalili kwamba mbegu imeshindwa. Mayai nayo hayaguswi. Usipige dawa kwa kuhesabu mayai. Hesabu funza waliozidi nusu sentimita, maana hao ndio walionusurika.

Wanaonusurika utawakuta wapi? Sumu haiko sawa mmea mzima. Majani machanga yana nyingi, petali na chavua zina kidogo, na Cry1Ac hupungua mmea unapozeeka. Funza anaonja jani, halimfai, anahamia kwenye ua. Anayekagua majani ya juu peke yake atasema shamba ni safi. Kila wiki pita shamba kwa mshazari, kagua mimea 30, fungua maua, na ubandue petali kavu iliyong'ang'ania kwenye ncha ya kitumba kichanga. Hapo ndipo anapojificha.

Funza mwekundu anahitaji jicho jingine. Hufuma petali kwa nyuzi, ua likashindwa kufunguka, kisha huingia kwenye kitumba kula mbegu. Pasua vitumba vibichi vichache. India amekwisha kuwa sugu kwa protini zote mbili, kwa hiyo hili si jambo la kupuuza.

Ndiyo maana lazima utenge eneo la pamba ya kawaida: funza wasio sugu wanaokulia humo huzaana na sugu wachache, na usugu hauenei upesi. Dengu, mahindi na nyanya za jirani humlea funza wa vitumba, lakini funza mwekundu hutegemea zaidi pamba yenyewe. Eneo hilo liwe pembeni, peke yake. Ukichanganya mbegu mstari mmoja, funza atakulia kwenye mmea wa kawaida, kisha ahamie wa Bt akiwa mkubwa na mgumu kufa. Baada ya mavuno, ng'oa masalia yote uyachome.

Kasoro mbili zinauma. Mbegu ni chotara, kwa hiyo utainunua kila msimu. Pia haigusi chawajani, vidukari wala kangambili. Anayeambiwa ataacha pampu nyumbani anadanganywa: bajeti ya dawa ya wadudu wafyonzao ibaki palepale.

Kwa mkulima wa Kenya anayekagua maua kila wiki, tunaipendekeza. Asiye na muda huo asiilipie.